Tukisha kuhesabu jile, tugonge na ubao wa moteri

Kwenye fukwe zetu za ziwa Kivu, kuanzia Minova hadi Kituku, tumezoea kuuliza mambo mawili kabla ya kupanda boti: bei ni ngapi, na jile ziko? Ni maswali ya haki. Baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri avae jile. Halafu Oktoba 3, 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ikazama ikiwa karibu kabisa na Kituku, imejaa kupita kiasi, wakati barabara imefungwa na vita. Hakuna hapa anayehitaji kusimuliwa siku ile.

Lakini kuna swali la tatu ambalo halisikiki ufukweni: ule ukuta wa nyuma unaobeba moteri, ni mzima?

Nasema hasa juu ya boti za zamani za aluminiamu, zile zinazonunuliwa zikiwa zimekwisha kuchoka. Watu wanadhani haziozi kwa sababu kwa nje ni chuma kitupu. Nyingi zina mbao ndani ya ukuta huo, mara nyingi tripleksi, iliyobanwa kati ya bati mbili. Maji yanapita kwenye matundu ya bulo, yanakaa humo, na mbao inaoza huku rangi ya nje bado inapendeza. Moteri ya nguvu ya farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, au zaidi. Ikisukuma boti iliyojaa magunia ya makala na maharagwe, ukuta unavutwa kwa kila wimbi. Siku ukiachia, moteri inaweza kuzama, maji yanaingia palipopasuka, na boti isiyo na nguvu inageukia mawimbi ubavu.

Dawa tunayoiona ni kipande cha bati juu ya ufa, bulo za chuma cha kawaida, basi safari. Hiyo si kutengeneza. Ubao uliooza unabaki mlemle ndani, na chuma kile kikigusa aluminiamu penye maji, aluminiamu ndiyo inaliwa.

Kazi yenyewe mafundi wetu wanaiweza. Moteri inashushwa, bati la ndani linafunguliwa, mbao mbovu inatolewa yote, hata ile inayoonekana nzuri nusu. Hiyo ya zamani ndiyo kipimo cha kukatia mpya. Tripleksi ya kuvumilia maji inaunganishwa kwa gundi isiyoogopa maji, inapakwa pande zote, na zaidi kwenye kingo na ndani ya kila tundu, maana ndipo maji yanapoanzia. Bulo ziwe za inoksi, na mastiki izibe kila moja. Gundi iachwe ikauke kabisa. Hapo ndipo haraka inapoharibu kazi nzuri.

Wenye boti wanalalamika kwamba siku zile bila safari ni njaa nyumbani. Ninawaelewa, maana tripleksi nzuri na inoksi si bei ya mchezo. Ila wafanyabiashara ambao mizigo yao inajaza boti hizo kila wiki wanaweza kuchanga, kwa kuwa mzigo ukizama na wao wanapoteza. Na wanaotoza kodi bandarini wanapaswa kufanya zaidi ya kupiga muhuri. Nimesimama ufukweni asubuhi nyingi. Nimeona watu wakihesabiwa, sijaona mtu akigonga ukuta wa nyuma.

Kuukagua si kazi ya injinia. Gonga kwa mpini wa nyundo: mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyooza inatoa sauti nzito, ya kufa. Kisha moteri ikiwa imeinuliwa, shika sehemu yake ya chini, isukume juu na chini. Ukuta ukicheza, au maji ya kahawia yakitoka kwenye bulo, boti hiyo isipakie.

Na tusimwachie msafiri kazi hii. Mama aliyekimbia na watoto wanne na godoro hana nafasi ya kuchagua boti, anapanda inayoondoka. Kamati za wenye boti, Minova na Kituku, ndizo ziweke mtu mmoja mwenye nyundo, afike alfajiri, kabla gunia la kwanza halijapakiwa.