Mwili nao una haki yake

Ndugu Waislamu, tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020, baadhi yetu tumeihamishia ofisi nyumbani. Tunashukuru kuwa karibu na watoto. Lakini tunaketi kutwa nzima, usiku kompyuta hutukalisha macho, kisha Alfajiri hutupita usingizini. Hiyo ni hasara ya mwili na ya dini.

Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa mwili una haki juu yetu, na alichukia maongezi baada ya Isha. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Msikiti ulio mwendo wa dakika 12, tukienda na kurudi mara moja kila siku, dakika hizo zinatimia.

Basi adhana ikisikika, tuinuke tutembee na watoto wetu. Baada ya Isha, tulale. Wallahu aalam.