Maua ya plastiki kwenye mahafali ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu kuhusu maua ya plastiki ambayo wazazi hujikuta wakilazimika kuyanunua kila ifikapo sherehe ya watoto kumaliza darasa la saba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Mufindi, na kabla ya hapo nilifundisha Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Kote nimeona jambo lile lile. Siku ya mahafali wachuuzi hujaa langoni na mashada yanayometameta. Mwenye uwezo humvika mwanawe matatu au manne. Asiye nao husimama pembeni.

Mwaka juzi msichana mmoja aliyekuwa akiongoza darasa kwa hesabu alijificha nyuma ya jiko la shule wakati wenzake wanapigwa picha. Nilipomfuata aliniambia, "Mwalimu, mama kasema debe la mahindi tukiuza ni la madaftari ya sekondari, si la maua." Mama yule alisema kweli. Aibu ilikuwa yangu, maana ni mimi niliyetangaza mstarini kwamba kila mhitimu aje na ua.

Tangu hapo wanafunzi wangu hutengeneza wenyewe ua la kifuani. Kazi hii haina gharama. Maua huchumwa alfajiri kabla ya jua kali, vikonyo vikatumbukizwa majini kwa saa mbili tatu. Chukua waridi moja, vijiua viwili vidogo, na jani gumu la kuyaegemeza nyuma. Zungushia vikonyo pamba iliyoloweshwa, kamulia maji yasichuruzike, kisha funga kwa ugomba au kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani. Bandika kwa pini. Litakaa bila kunyauka hadi wageni waondoke.

Wala huu si uzungu. Wenzetu wa Pwani na Visiwani tangu zamani hufunga asumini na rehani wakavaa kifuani, nao hukiita kikuba. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaovuna pareto, ambayo ni maua, na kuiuza ikatengenezwe dawa ya wadudu, tunanunuaje ua la kiwandani?

Hata hivyo natoa tahadhari. Tusikimbilie porini. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Ina aina zipatazo 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi. Okidi za nyanda hizi zimekwisha kuumizwa vya kutosha na wanaochimba viazi vyake kwa ajili ya kuviuza Zambia kama chakula. Isitoshe, maua ya Kitulo huchanua wakati wa masika, na mahafali yetu ni kiangazi.

Kwa hiyo dawa ni bustani ya shule. Nashauri kila shule ipande waridi na maua mengine kando ya madarasa, na watoto wayamwagilie maji waliyonawia mikono. Pili, nawaomba walimu wakuu na kamati za shule wakubaliane kwamba kila mhitimu atavaa ua moja tu, la bustani hiyo, awe mtoto wa mwenye duka au wa mkulima wa jembe la mkono.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni, 2019. Mashada haya nayo, siku mbili baada ya sherehe, huishia kwenye shimo la taka. Tusiirudishe plastiki kwa mlango wa nyuma, tena kwa fedha ya madaftari.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Watoto wetu na watunzwe kwa kilichoota kwao.

Mwalimu wa Kijijini,
Mufindi,
IRINGA.