Mandhari ya Mwanza si Mali ya Capri Point Peke Yake

Iko kasumba moja iliyojengeka vichwani mwetu tangu enzi za mkoloni, na ambayo kushushwa kwa bendera yake mwaka 1961 hakukuiondoa. Kasumba hiyo yasema kwamba kutazama uzuri wa nchi ni starehe ya mgeni mwenye kamera, na kwamba kazi ya mwananchi ni kumbebea mgeni huyo mizigo na kumwonyesha njia. Katika jiji la Mwanza kasumba hii ina ramani yake. Mgeni akifika huelekezwa kwenye Jiwe la Bismarck, kwenye rasi ya Capri Point, na kwenye Kisiwa cha Saanane; kisha hupakiwa garini kwenda Serengeti. Mabatini haimo katika ramani hiyo, isipokuwa kama mahali pa kupita haraka.

Na tujiulize: Mabatini imepungukiwa na nini? Mawe? La hasha! Mawe yale yale ya itale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, ambayo yameipa Mwanza sifa ya kuitwa Jiji la Miamba, ndiyo yaliyobeba nyumba za vilima vya Mabatini. Viumbe? Mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji huu, Agama mwanzae, haulizi kiwanja kina bei gani kabla ya kuota jua juu ya mwamba. Mandhari? Apandaye vilima vya upande huu huona bahari ya mabati ikimeta, hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na ziwa kwa mbali. Kilichopungua ni heshima tu.

Tazama hata majina. Jiwe mashuhuri kuliko yote jijini lingali likiitwa kwa jina la Otto von Bismarck, Chansela wa Ujerumani, mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, ambako mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kuigawana Afrika. Bwana huyo hakupata kuliona ziwa hili maishani mwake, lakini jina lake limo katika kila kijitabu cha watalii. Miamba ambayo watoto wa Mabatini huteleza juu yake, na mama zao huanika nguo, haimo hata katika kimoja.

Mjadala huu si mgeni. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU uliibua gazetini hoja kali juu ya utalii na ujenzi wa ujamaa, na mwaka 1973 Issa Shivji akazikusanya hoja za pande zote katika kitabu. Swali kubwa la wakati ule lilikuwa: utalii unamnufaisha nani? Swali lilikuwa sahihi, lakini lina pacha wake ambaye hakupewa nafasi ya kutosha: mwananchi mwenyewe atatalii wapi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji angali amesimama nje ya lango.

Wako watakaotuambia kwamba watu wa Mabatini wanahitaji maji, vyoo na barabara, wala si bustani. Hoja hii husemwa kwa sauti ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Yadhani kwamba mtu wa kipato kidogo ana tumbo bila macho. Tena si kweli kwamba mambo haya mawili yanagombana. Utazameni Mto Mirongo, upitao Mabatini na kukata katikati ya jiji hadi ziwani. Mto huo umegeuzwa jalala, na mvua kubwa ikinyesha huwarudishia wakazi majumbani mwao taka zilizotupwa humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za ukingo wa mto na wa ziwa zihifadhiwe. Ukingo wenye miti, nyasi na njia ya miguu ni kinga ya mafuriko na ni mahali pa kupumzikia jioni kwa wakati mmoja. Afya na uzuri vyatoka katika kisima kimoja.

Basi hapana budi mambo matatu yafanyike. Kwanza, katika upimaji na urasimishaji wa makazi, vilele vya miamba na njia za kuvifikia vitengwe kuwa mali ya umma kabla havijaingia ndani ya hati ya mtu. Mwamba ukishazungushiwa ukuta, au ukishapondwa kuwa kokoto, hakuna kikao kitakachourudisha. Pili, vijana wa mitaa hiyo wafunzwe kuongoza wageni, waunganishe Mabatini na Makumbusho ya Bujora kule Kisesa, ambayo yako katika barabara hiyo hiyo iendayo Musoma, na mapato yabaki mtaani. Tatu, na hili ni la kusisitizwa, neno “kivutio” lisigeuzwe fimbo ya kuwafukuzia wanyonge. Anayepaswa kuhama kwa ajili ya usalama wake, kwa kuwa anaishi chini ya jiwe linaloning’inia au ndani ya mkondo wa maji, alipwe haki yake na apewe pa kwenda. Bustani iliyopandwa juu ya msingi wa nyumba ya mtu aliyetupwa nje si bustani ya wananchi.

Viongozi wa jiji na wa kata wanayo madaraka ya kuanza kazi hii, na wapimaji wanazo ramani. Wananchi wa Mabatini nao wasingoje kuitwa: waulize katika mikutano yao ya mtaa ni mwamba upi uliokwisha kutengwa kwa ajili yao, na kama hakuna, kwa nini.