Bomba Kwanza, Kisha Benchi

Tunapompokea wodini mtoto anayehara, macho yameingia ndani, swali letu la kwanza kwa mama ni hili: "Maji mnachota wapi?" Mara nyingi jibu ni mtoni. Kwa hiyo habari za mabomba ya maji machafu si za mafundi peke yao. Zinatuhusu sisi wazazi.

Tutazame jiji la London, Uingereza. Kipindupindu kiliua huko maelfu ya watu, lakini wakubwa hawakuharakisha. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka vinyesi hata Wabunge wakataabika katika jengo lao kando ya mto. Ndipo fedha zikapatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Mmoja ulipita ukingoni mwa mto, na juu yake zikawekwa barabara, njia ya miguu na bustani. Ukingo huo, Victoria Embankment, ulifunguliwa mwaka 1870. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kiliua hasa watu wa mashariki mwa jiji, ambako kazi ya mifereji ilikuwa haijakamilika.

Mifereji hiyo hubeba maji ya vyoo pamoja na ya mvua. Jiji lilipokua, mvua ikinyesha uchafu ulifurika mtoni. Basi likachimbwa handaki jipya la kilomita 25, likaunganishwa lote mwaka 2025. Walipomaliza kuchimba, hawakuacha zege na uzio tu. Penye mashimo ya kazi, kama Putney, Chelsea na Blackfriars, walitengeneza mahali pa wote kupumzika kando ya mto.

Wapo wanaosema benchi ni anasa. Sisi hatukubali. Ukingo usio na watu hugeuka jaa. Ukingo wanapokaa wazee na kucheza watoto una walinzi wengi: bomba likipasuka leo, leo hii watapiga kelele. Lakini utaratibu ufuatwe. Kupanda maua kando ya maji ya vyoo ni sawa na kufunga bandeji nyeupe juu ya kidonda kisichosafishwa.

Akina baba na akina mama, mpango wa mabomba ukiletwa katika mkutano wa mtaa, msikae kimya. Ulizeni mambo mawili. Nyumba za nani zitaunganishwa, na zipi zitaachwa? Mashimo yakifukiwa, watoto wetu watapata wapi pa kukaa kando ya mto wao?

Wakati tunangoja, tuchemshe maji ya kunywa, tunawe kwa sabuni tutokapo chooni, na watoto wasiogelee katika mto unaopokea maji machafu. Kinga ni bora kuliko tiba.