Binti ni Wetu, Fedha ni Zake



Mama mmoja wa Chawia, huko juu milimani Taita, ametufikishia swali. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Ghuba, pamoja na mwanamke wa Sri Lanka. Kila akipokea sauti ya bintiye kwa simu, humsikia yule mwenziwe akimwita "mage nangi". Je, ni neno la heri?

Ni la heri, alhamdulillahi. Hicho ni Kisinhala. "Nangi" ni ndugu mdogo wa kike, na "mage" ni -angu. Bintiyo anaitwa "mdogo wangu".

Natujifunze kidogo. Katika Kisinhala "mama" si mzazi, bali ni "mimi". "Mage" ni -angu, "oyage" ni -ako, "ape" ni -etu. Sisi hufuata ngeli: kitabu changu, nyumba yangu, mtoto wangu. Wao hawabadili kitu. "Mage" hubaki ile ile, nayo hutangulia jina.

Sisi husema "nina", yaani mimi pamoja na kitu. Wao huanza na "mata", yaani kwangu, kisha hutaja kitu, na mwisho huja kitenzi cha kuwapo. "Mata salli tiyenava": nina fedha. Lakini akitajwa mwenye uhai, kitenzi hubadilika: "Mata duvek innava", nina binti. Lugha hiyo haimweki binti katika fungu moja na fedha.

Hapo ndipo lilipo swali la pili la mama huyu. Binti hutuma fedha kila mwezi, akaomba awekewe. Sasa kaka zake wanataka kuzinunulia pikipiki. Wanasema, "Si zetu sote?"

Jibu letu ni hili: binti ni wetu, fedha ni zake. Surat An-Nisaa, aya ya 32, imebainisha kwamba wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Akiwapa nduguze kwa ridhaa yake, huo ni wema na ana thawabu zake. Akisema "niwekeeni", hiyo ni amana, na amana hairudi kuwa mali ya aliyewekeshwa kwa kuwa mwenyewe yuko mbali. Baina ya "zake" na "zetu" mna herufi chache tu, lakini hesabu yake ni nzito mbele ya Mola.

Kwa hiyo, mama yetu, andika katika daftari kila kiasi na tarehe yake. Wanao wakitaka pikipiki, na wamwombe dada yao wenyewe, naye awe na uhuru wa kukataa.

Na utakapompigia simu, mwambie: "Mage duva". Binti yangu. Mwenziwe atacheka, naye atafahamu.

Wabillahi tawfiq.