Bi harusi, Vespa na stara: maoni yetu



Wiki chache nyuma aliingia dukani kwetu Mwanakwerekwe binti mmoja na mkwe wake mtarajiwa. Walikuja kupimwa nguo ya harusi. Sisi hapa ni wanawake watatu, vyereheni vinne, na Vespa moja ambayo huegeshwa nje ya mlango. Yule mama aliitazama ile Vespa, akauliza ya nani. Tukamwambia ni yetu. Binti akatabasamu, akasema, "Na mimi natia nia, mama. Mahari yangu nataka kununulia Vespa."

Mama hakutabasamu. "Mwanangu, mke wa mtu aendeshe Vespa? Watu watasema nini? Bodaboda zimejaa, ukitaka kwenda pahala utaita."

Binti akajibu kwa adabu, macho chini: "Kwenye bodaboda, mama, mbele yangu anakaa nani?"

Hakuna aliyesema kitu. Tukaendelea kupima mabega. Lakini suali lile halijatutoka, na ndilo lililotufanya tuandike leo.

Maoni yetu tunayasema wazi. Mwanamke wa Kiislamu anayetoka kwa haja yake ya halali, kazi, skuli, hospitali au kumtazama mzee wake, ana stara zaidi akiwa peke yake juu ya Vespa yake kuliko akiwa nyuma ya mwanamme asiyemjua, kifua kwa mgongo, kila tuta likimsukuma mbele. Jambo hili la bodaboda tumelizoea mpaka hatulioni. Lile la Vespa ni geni machoni, ndiyo maana tunaliona kosa. Ugeni na kosa si kitu kimoja.

Tena kupanda kipando si jambo lililoanza jana kwa wanawake wa Kiislamu. Wanawake wa Kikureshi wametajwa kwa sifa kuwa ni wapanda ngamia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Wakasifiwa pia kwa huruma kwa watoto na kulinda mali ya waume zao. Mambo hayo yamekaa pamoja katika hadithi moja, wala kupanda hakukuwatoa kwenye wema. Mambo ya hukumu, kama safari ya mbali bila ya maharimu, muulizeni shekhe wenu. Sisi ni mafundi cherehani. Tunazungumza juu ya Fuoni mpaka Darajani na kurudi kabla ya magharibi.

Na kwa ufundi wetu, kuna jambo moja tunalipenda katika chombo hiki. Vespa ilitoka Italia, mji wa Pontedera, mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na kiwanda cha Piaggio kilichokuwa kikitengeneza ndege kikitafuta kazi nyengine. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na hakuzipenda pikipiki. Aliona zinachafua nguo, na mtu analazimika kurusha mguu juu ili akae. Kwa hiyo akaacha nafasi mbele ya kiti ili mtu apite na kukaa kama anavyokaa kwenye kiti cha nyumbani, akaweka bati mbele ya miguu kuzuia tope, na mashine akaifunika pembeni ili oili isirukie nguo. Jina lake kwa Kitaliana ni nyigu. Miaka miwili baadaye wakatoa ya magurudumu matatu wakaiita Ape, yaani nyuki, na huyo ndiye babu wa bajaji tunazopanda leo. Kwa hiyo tukisema Vespa inafaa kwa mwenye sketi au baibui hatujipendelei. Tangu mwanzo aliyeibuni alifikiria nguo ya mpandaji.

Lakini alifikiria nguo za kwao. Baibui hakuliona. Hapo ndipo sisi mafundi tunapoingia, na hapo ndipo tulipokosea.

Tuanze na ununuzi. Vespa yetu ni PX ya zamani, rangi ya buluu, tuliinunua kwa mwalimu mstaafu kwa pesa za upatu. Zamu ya kwanza ya upatu ilikuwa yetu, tukasema hii haitaliwa. Kila siku tulikuwa tunalipa bodaboda kwenda Darajani kuchukua vitambaa na kuwapelekea wateja nguo zao, na mwisho wa mwezi faida ilikuwa imeishia barabarani. Tulijifunza kwenye uwanja wa mpira baada ya alasiri, mmoja anaendesha na wawili wanakimbia nyuma wakicheka. Gea zake ziko mkono wa kushoto, unabana klachi na kuzungusha, na wiki ya kwanza kifundo cha mkono kilikuwa kinauma kuliko kukata nguo kumi.

Hatukujua kwamba ukinunua Vespa unanunua na watu. Siku ya tatu ilituzimikia karibu na Amani, jua kali, magari yanapiga honi. Tulidhani imekufa. Mzee mmoja mwenye Vespa nyeupe akasimama bila ya kuitwa, akatoa salamu, akainama akageuza kijiti kidogo chini ya kiti, akapiga kiki ikawaka. "Petroli ya juu imekwisha, wanangu. Hiyo ni akiba. Nendeni mkajaze, na msisahau oili." Akaondoka zake. Tangu siku hiyo tumejifunza mengi kwa wazee hawa wanaokaa kwa fundi: kila lita ya petroli na mililita ishirini za oili kwa PX kama yetu, plagi ya akiba iwe mfukoni siku zote, waya wa klachi ubadilishwe kabla haujakatika. Hakuna aliyetuuliza mwanamke anataka nini kwenye Vespa. Walituuliza plagi tumesafisha lini.

Na wanawake nao wakaanza kutokea. Mwalimu wa skuli, muuguzi, muuza keki, mama wa watoto wanne. Sasa tuko tisa tunaojuana kwa sababu ya Vespa tu. Mmoja akiharibikiwa, anampigia mwenzake, si mtu wa njiani. Hilo nalo ni stara.

Sasa kosa letu. Mmoja katika hao tisa ni mteja wetu. Alitaka baibui la Idi, pana, la mwamvuli, linaloburura kidogo nyuma. Tulijua anaendesha Vespa. Tulilishona kama alivyotaka, likapendeza, akatulipa. Siku ya pili ya Idi upepo ulilipeleka pindo nyuma, likaingia kwenye gurudumu, likamvuta chini. Alhamdulillah mwendo ulikuwa mdogo na nyuma hapakuwa na gari. Alivunjika mkono. Tulipokwenda kumtazama, mama yake alitupokea vizuri, akatuletea chai, wala hakutulaumu. Tulitamani atulaumu. Fundi anayejua nguo itavaliwa wapi akanyamaza, pesa aliyopokea haina raha.

Tangu siku ile dukani kwetu tunauliza kila mteja: unapanda nini? Akisema Vespa, nguo inabadilika.

Baibui la kupandia linakatwa wima, si la mwamvuli. Pindo linaishia inchi nne juu ya kifundo cha mguu, na ndani tunashona suruali pana ya kitambaa hichohicho, kwa hiyo hata upepo ukivuma mguu hauonekani. Pembeni tunaweka mpasuo unaofunikwa na pande la ndani, ili magoti yafunguke bila ya nguo kupanda. Mikono ina lastiki. Hakuna mbawa, hakuna mkanda unaoning'inia, hakuna mtandio mrefu unaopepea nyuma. Ukifika unakokwenda na unataka lile refu la shughuli, liweke kwenye mfuko, utabadilisha huko huko.

Kichwani vaa kofia laini ya ndani na hijabu fupi iliyoingizwa ndani ya baibui, na usitie pini hata moja pembeni ya kichwa. Pini chini ya helmeti ukianguka inaingia kwako. Helmeti yenyewe kanunue ukiwa umeshavaa hijabu yako, si kichwa kitupu, la sivyo itakubana na utaanza kuiacha nyumbani. Tunawajua wanaosema helmeti inaharibu hijabu. Dada yetu, hijabu inakunjika na kukunjuliwa. Kichwa hakina fundi wa kukirudishia. Na anayekaa nyuma asikae upande kama kwenye gari ya ng'ombe, maana hapo nguo yote inaangukia gurudumuni.

Leseni na bima msiviache. Dua ya kipando mnaijua, imo katika Surat Az-Zukhruf, isomeni kabla ya kupiga kiki.

Tumalizie na mabiharusi. Mahari ni haki yako, Mwenyezi Mungu amelitaja hilo mwanzoni mwa Surat An-Nisaa. Si ya baba, si ya shangazi, wala si ya kumalizikia kwenye makochi ambayo wageni watayakalia mara mbili kwa mwaka. Ukiona Vespa itakufaa, ina haki ya kununuliwa kwa mahari kuliko seti ya vyombo vya kioo. Lakini lisemeni kabla ya nikaha, na si baada ya fungate. Mwambie mwenzako unapotaka kwenda, saa ngapi, na kwa nguo gani. Mume mwema akisikia maneno haya yamepangwa vizuri, ana nafasi ya kukubali kwa moyo au kusema lake mapema. Tumeona ndoa zikiingia baridi kwa jambo dogo lililofichwa, na kubwa lililosemwa likapita salama.

Na kina mama wakwe, tunawaomba radhi kama tumesema sana. Khofu yenu tunaielewa. Barabara zetu ni mbaya na ulimi wa watu ni mrefu. Lakini mkwe wenu atatoka tu, kwa kazi au kwa dawa ya mtoto. Suala ni atatoka vipi.

Yule binti atarudi wiki ijayo kujaribu nguo yake ya harusi. Baibui la kupandia tumeambiwa tusubiri kwanza, mazungumzo nyumbani hayajakwisha. Tunasubiri. Kitambaa tumeshamwekea.

Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu kheri katika nyumba zao na salama katika njia zao. Amin.