AFYA YA JAMAA: Tumbo lisilopona, tuulize pia juu ya ngano



Juma hili tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia: seliaki. Mwenye nao anaweza kuteseka miaka mingi bila kujulikana, kwa sababu unafanana na magonjwa mengine. Mama anakonda, tumbo linajaa, anaharisha mara kwa mara, hana nguvu. Anameza dawa za amiba, kisha za minyoo, na bado haponi. Mwishowe majirani wanasema: amepewa karuho. Hapo pesa zinaishia kwa dawa za kutapisha, na jamaa wanaanza kushukiana.

Seliaki si sumu, wala haiambukizi. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna kitu kinachoitwa gluteni. Kwa watu wengine, mwili unapokutana nacho unajishambulia wenyewe na kuharibu utumbo mwembamba, hata chakula kinapita bila kuufaa mwili. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameshuku ngano tangu zamani. Wakati wa njaa ya vita, 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, watoto wagonjwa walipata nafuu; uliporudi, wakaugua tena.

Kwa mtu mzima tuangalie hasa: upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya chuma, vidonda mdomoni, mimba kutoka mara kwa mara, mifupa kuvunjika upesi, na upele unaowasha viwikoni na magotini. Wengine hawaharishi kabisa, wanafunga choo. Mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa naye apimwe.

Twende hospitali kwanza. Daktari atatafuta yanayoonekana zaidi kwetu: minyoo, amiba, kifua kikuu, virusi vya ukimwi. Yasipopatikana, tuulize juu ya kipimo cha damu cha seliaki. Si kila kituo cha afya kinacho. Mara nyingi ni hospitali kubwa. Kikionyesha ugonjwa, kwa kawaida daktari huingiza kamera tumboni kupitia mdomoni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo.

Neno moja tusilisahau: tusiache mkate kabla ya kupimwa. Aliyekwisha kuacha ngano, kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa, kumbe anao. Aliyeacha amwambie daktari. Ataombwa kula tena ngano kila siku kwa majuma 6 hivi.

Ugonjwa ukithibitika, dawa ni kuacha gluteni maisha yote, hata kidogo. Kwa bahati, chungu chetu kinasaidia: bugali wa muhogo au wa mahindi, mchele, mtama, ndizi, viazi, maharagi, sombe, samaki na nyama havina gluteni. Hatari iko kwa mkate, mandazi, chapati, sambusa, biskuti, makaroni na pombe ya shayiri. Tuangalie pia:

- Mashine ya kusaga: ikisaga ngano, unga wako wa mahindi unachanganyika.
- Uji wa masoso: tuulize kama muuzaji ametia ngano.
- Mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange samaki wa mgonjwa.
- Hostia ni ya ngano. Mgonjwa azungumze na padri.

Asiyefuata anaweza kupata mifupa dhaifu, shida ya kuzaa, na mara chache kansa ya utumbo. Anayefuata hupata nafuu, utumbo ukipona polepole, pengine kwa miaka. Arudi kupimwa damu, na daktari aone kama anahitaji chuma, foliki, kalsiamu au vitamini D. Asipopata nafuu, kwanza tutafute ngano iliyojificha, kisha arudi hospitali.

Jamaa wengine waendelee na mkate wao. Na katika vikundi vyetu, tukiandaa chai ya mkutano, tuweke pia viazi au muhogo, ili mwenzetu asikae mikono mitupu.